Malkia Alipokaribishwa Ndani

Nilifika nyumbani Mbuba mchana, vumbi la barabara ya Ngara bado liko kwenye nyusi, na binti wa kaka yangu hakunipa hata nafasi ya kunywa maji. "Shikamoo shangazi. Kaa hapa, ndiyo inaanza." Kwenye televisheni kulikuwa na ukungu, daraja la mawe, na mwanamke mwenye taji amesimama mbele ya mlango. Moyo ulinipasuka kwa furaha, ndugu yangu, maana mwanamke yule nilimjua tangu sijang'oka meno ya utoto.

Alikuja kwetu kwa mkono wa mwalimu wetu wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa na vitabu viwili vya hadithi ile ya kwenye televisheni, alivipata misheni Rulenge, na kila Ijumaa baada ya usafi alitusomea. Alikuwa anapitisha macho kwenye Kiingereza, anafikiri kidogo, kisha anatupa kwa Kiswahili, taratibu, mvua ikipiga bati. Malkia anayeiba vivuli vya watu. Jitu lenye jicho moja. Bikizee anayelinda mlango wa mwisho wa nchi ya ukungu. Kitabu cha pili kiliishia Malkia yupo mlangoni kwa Bikizee, ameficha kisu. Cha tatu kinakuja, mwalimu alisema. Hakikuja, na mwenyewe akahamishwa.

Yote hayo nilimpelekea bibi. Bibi hakujua kusoma. Jioni tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo, chungu cha ndizi kinatokota, moshi unatuzunguka kichwani kama haujui pa kwenda, na mimi nasimulia kwa Kihangaza. Jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa anakuja kuomba moto halafu anasahau kuondoka, kwa hiyo kwa ajili yake tulichanganya na Kiswahili.

Nilipofika pale mlangoni nikasema kitabu kimeishia hapo. Bibi aliacha maharage. Alikasirika kweli kweli.

"Watu gani hao? Mgeni hasimamishwi mlangoni, hata akiwa mchawi!"

Basi akamkaribisha mwenyewe. Jioni ile na nyingine nyingi zilizofuata, Malkia aliingizwa ndani, akatandikiwa mkeka, akaulizwa habari za ng'ombe wa kwao. Kikaletwa kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni akiona, ndipo wanywe pamoja, na aliyekunywa nawe kibuyu kimoja hawezi tena kukuinulia mkono. Malkia akaweka kisu chini. Jitu nalo bibi alilipatia kazi ya kuchunga, akasema linapenda maziwa na linawaogopa wakwe. Halafu Bikizee akaanza kuzungumza na Malkia, na kwa mazungumzo hayo tu vivuli vikarudi kwa wenyewe, kimoja kimoja. Nilikuwa nalala nikiviona vinapita kwenye migomba, vinatafuta nyumba zao.

Kwa hiyo mbele ya televisheni nilitulia kabisa, nasubiri kibuyu. Mlango ukafunguliwa na msichana mwembamba mwenye midomo iliyopakwa rangi. Huyo eti ndiye Bikizee! Malkia akachomoa kisu. Akamchoma pale pale kizingitini, damu, muziki, basi.

Nilipiga kelele hadi kaka yangu akachungulia kutoka uani. "Wamewaharibu! Hawa watu wa televisheni hawana adabu. Na kibuyu kiko wapi?"

"Kibuyu gani, shangazi?" Binti alinitazama kwa huruma. Amevisoma vitabu vyote kwenye simu. "Kitabuni pia anauawa. Cha tatu kinaanza hivyo hivyo. Walichobadilisha ni sura tu, kitabuni ni mzee, wao wamemfanya msichana."

Nilicheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Miaka yote hiyo nimebishana na watu kuhusu kitabu cha tatu ambacho sijawahi hata kukishika, tena kwa sauti, kumbe ninachokitetea ni cha bibi yangu. Nilimpenda bibi upya palepale kwenye kiti. Mwandishi aliua, televisheni ikaua kwa urembo zaidi, na mwanamke asiyejua herufi moja akakataa.

Binti akapunguza sauti ya televisheni. "Basi nisimulie hicho cha bibi."

Nikaanza vizuri. Nikaweka mkeka, ng'ombe, mirija, kisu chini. Binti akapandisha miguu kwenye kochi, akasogea.

"Bikizee alimwambia nini, mpaka Malkia akarudisha vivuli?"

Nikafungua mdomo. Namkumbuka jirani akifuta machozi kwa kitenge. Naukumbuka moshi, na maharage yakidondoka kwenye ungo, na bibi akiinamisha sauti kidogo kila Bikizee alipotaka kusema. Maneno yenyewe siyapati. Jirani alisharudi kwao Shinyanga, akafia huko. Bibi amelala nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ya televisheni binti ataiona tena akitaka, na vitabu vipo kwenye simu yake. Ile ya bibi haikuwa na pengine pa kukaa isipokuwa kwangu.

 Nilimwambia binti sikumbuki, na nikalia mbele ya mtoto.