Darubini Iliyolala Ikiitazama Bagira

Marcelline Bulonza hakuwahi kuomba kazi ya nyota. Maisha yake yote alikuwa intendante wa bweni la wasichana, yaani mwenye ufunguo wa stoo ya maharagwe, na Bukavu nzima ilimjua kwa jambo moja: hakuna mwanafunzi aliyewahi kupanga mstari mara ya pili siku ya nyama akafaulu. Alipostaafu alidhani atapumzika, auze maandazi kidogo na kusali.

Lakini hapo mtaani Muhumba, kwenye kilima kinachotazama ziwa, kulikuwa na darubini moja yenye wenyewe watatu. Wafadhili fulani walikuwa wameitoa kwa parokia, kwa lycée ya masista, yaani shule yao ya sekondari, na kwa chuo kimoja cha walimu, watumie pamoja kama ndugu. Nao wakaitumia kama ndugu kweli, yaani waligombana tangu siku ya kwanza. Kila mmoja alitaka mtu wake ashike ufunguo. Vikao vikaitishwa, chai ikanywewa, sukari ikaisha, ufunguo ukabaki mezani. Mwishowe Sœur Virginie, mkuu wa lycée, akasema, "Tutafute muntu mwenye hajali nyota hata kidogo." Wote watatu wakamfikiria Marcelline.

Basi akaingia kazini, akaliongoza anga kama alivyoongoza jiko. Kila mtu na zamu yake, na asionje wa zamu nyingine. Abbé Ezéchiel, padri wa parokia, alipenda mwezi. Alisema unamsaidia kuhesabu Pasaka, ingawa tarehe ya Pasaka ilikuwa imekwisha kuchapwa kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya kichwa chake. Professeur Honoré wa chuo alipenda nyota pacha, zile ambazo yeye aliziona mbili na wengine wote waliona moja. Sœur Virginie yeye hakuchagua. Wasichana wake waone chochote, mradi wawe bwenini kabla ya chakula.

Kugawa zamu ilikuwa sehemu rahisi. Shida ilikuwa unyevu. Bukavu mvua hainyeshi tu, inahamia. Ukungu ulimea kwenye vioo, mijusi ilitaga ndani ya mota, nyigu walijenga kwenye mlango. Marcelline alipangusa, alifagia, alitia mafuta, aliwatukana nyigu kwa Mashi, lugha ya kwao. Na zaidi ya yote kulikuwa na kuba la bati lililoifunika darubini, lililotengenezwa na mafundi wa matangi ya maji. Lilizunguka juu ya magurudumu madogo ya chuma, watu wakilisukuma kwa mabega, na lilikuwa na mwanya mmoja mrefu wa kutazamia.

Katikati ya msimu wa mvua magurudumu yakashika kutu, kuba likakwama. Lilikwama mwanya ukiwa wazi, umeelekea kaskazini, kuvuka maji, moja kwa moja kwenye mlima wa Bagira, mtaa mwingine wa mji. Marcelline akaufunika kwa shitingi, lile turubai la plastiki ambalo nusu ya mji imeezekea majiko yake. Ili matone yasiingie mdomoni mwa darubini yakaharibu kioo, akailaza chini kabisa, sambamba na sakafu. Na kila jua lilipotoka aliiondoa shitingi, akaiacha darubini ikauke kwenye mwanya, kama mtu anayeanika godoro. Hakuona ubaya wowote. Wala hakuwahi kuchungulia aone imeelekea nini.

Waliouona ubaya ni watu wa Bagira.

Asubuhi moja ya jua, minibus ikapanda kilima ikikohoa, ikasimama mbele ya kituo, wakashuka watu waliovaa kama wanaenda mahakamani. Mbele yao alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, ingawa mvua haikuwepo. Huyo alikuwa Papa Zagabe, msemaji wa mtaa wao. Kando yake alisimama Maman Fabiola, kiongozi wa akina mama, mikono kiunoni.

"Jambo yenu, maman," alisema Zagabe.

"Jambo sana, papa. Mukaribie, mukae."

"Hatukukuya kukaa. Tulikuya ju ya ile kitu yenu." Akanyoosha kidole kwenye kuba. "Iko natuangalia."

"Iko naangalia nani?"

"Bagira! Bagira yote! Jua ikitoka tu, jicho inafunguka. Bamaman habawezi tena kuoga mu lupango, pale inje ya nyumba. Mimi mwenyewe naogaka na koti."

"Na koti," Maman Fabiola alithibitisha.

Marcelline alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akajikaza. Professeur Honoré naye alikuwa ndiyo kwanza anafika, tai shingoni, kuja kuangalia kama kuba limejirekebisha lenyewe. Marcelline akamshika mkono kama shahidi.

"Papa Zagabe, nakuapia kwa Mungu. Hii machine ni ya nyota. Nyota! Muntu, nyumba, haiwezi kuona. Iko ya vitu vya mbali tu. Si vile, Professeur?"

Honoré alikuwa mtu mwema, na alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. Akakohoa. "En principe, maman, ni ya vitu vya mbali. Sasa Bagira nayo…" Akatazama ng'ambo ya maji. "Bagira iko mbali kidogo."

Marcelline akamkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

"Tuingie," alisema Zagabe. "Tuone wenyewe."

Wakaingia wote ndani ya kuba, wakabanana. Zagabe akavua kofia, akainama, akaweka jicho. Marcelline akazungusha kigurudumu cha kusawazisha picha jinsi alivyomwona Honoré akifanya, huku moyoni akiomba Mungu pasionekane kitu ila weupe mtupu.

"Naona kama uji," alisema Zagabe. "Sasa uji inakuwa muzito. Sasa… Mungu wangu!" Akaruka nyuma. "Mulipindula Bagira!"

"Tulifanya nini?"

"Nyumba ziko zinaning'inia! Bati iko chini, mulango iko juu! Mbuzi iko natembea na migongo!"

Honoré akaeleza haraka kwamba darubini za namna hiyo hupindua picha, kwamba angani hakuna juu wala chini, na kwamba nyumba za Bagira zilikuwa salama. Maman Fabiola hakungoja mwisho wa somo. Alimsukuma Zagabe pembeni, akatazama, halafu akasema polepole, "Ile ni nappe yangu. Ya meza. Iko kwa kamba ya Maman Christine."

Marcelline akaachia kigurudumu. Alikuwa ameapa kwa Mungu, mbele ya watu, na sasa mtu anahesabu maua ya kitambaa chake kutoka ng'ambo ya ziwa. Akafungua mdomo aombe msamaha, lakini Zagabe alikuwa amekwisha kurudi kwenye jicho la darubini na kuishika kwa mikono yote miwili.

"Mungoje. Ile ni lupango yangu. Ule ni muavoka wangu, muti ya avoka. Na ule…" Akakaza jicho. "Ule ni Lucien."

Lucien alikuwa shemeji yake, aliyekaa kwake. Asubuhi ile alipaswa kuja pamoja na wenzake, lakini alikuwa amebaki kitandani na malaria kali. Zagabe mwenyewe alikuwa amemfunika blanketi kabla ya kutoka. Bila kuondoa jicho, Zagabe akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti kubwa. Kuba lote likasikiliza.

"Alo?" ilijibu sauti dhaifu.

"Lucien, malaria iko je?"

"Eeh, Zagabe. Iko nguvu. Minasikia baridi mpaka mu mifupa."

"Pole. Ulikunywa dawa?"

"Nitakunywaje? Siwezi hata kuinuka. Hata kichwa siwezi kuinua."

"Basi usiinuke," alisema Zagabe kwa upole. "Shuka. Shuka polepole, hiyo tawi itavunjika. Na hiyo avoka ya mukono wa kushoto, uiache."

Kwenye simu ukasikika mkwaruzo na mlio wa majani.

"Simu yake imeanguka," Zagabe alitangaza. "Imeanguka juu, kule mbinguni. Yeye mwenyewe ameshikilia muti kama popo. Anaangalia kushoto. Anaangalia kuume. Sasa anapiga alama ya musalaba."

Kuba likalipuka kwa kicheko. Hata Marcelline alicheka hadi akashika ukuta. Lakini kicheko hakijaisha vizuri, vurugu ikaanza. Kila mtu alitaka kuona kwake. Mmoja alitaka kujua kama fundi aliyemwachia kazi anajenga au amelala. Mwingine alitaka kumwangalia mpangaji. Maman Fabiola alitaka kufuatilia safari ya ile nappe, imetoka kwake lini na imepitia wapi. Viwiko vikaanza kufanya kazi, na darubini ikatikisika.

Hapo ndipo ilipotoka sauti ya stoo ya maharagwe.

"MUSTARI!"

Wote wakanyooka, pamoja na Professeur Honoré.

"Mulikuya hapa kulalamika kama muko nachunguliwa," alisema Marcelline. "Mulikuwa na haki. Mimi niliapa bila kuangalia, na munisamehe. Lakini sasa muko napigana ju ya kuchungulia?"

Watu wakatazama viatu vyao. Maman Fabiola peke yake akajitetea: "Ya kwetu si kuchungulia, maman. Ni kulinda."

"Mwisho," alisema Marcelline, akaishusha shitingi juu ya mwanya, na Bagira ikafungwa.

Akaamua kuba lile lizunguke siku hiyohiyo. Akampigia simu Mardochée, mchomeleaji wa Kadutu, anayetengeneza mageti na mabrasero, yaani majiko ya makaa. Mardochée akafika kwa pikipiki, begi la vifaa mgongoni, akalizunguka kuba mara kadhaa akisikitika kama daktari. Umeme haukuwepo, kwa hiyo kuchomelea hakukuwezekana. Lakini dereva wa minibus alikuwa na jeki, na chini ya kiti chake alikuwa na rulemani kuukuu, yaani beringi za magurudumu, alizozitunza bila kujua kwa nini. Wakaliinua kuba upande mmoja mmoja, Mardochée akalala chini kifudifudi, akang'oa magurudumu yaliyooza na kufunga rulemani badala yake. Wanaume wa Bagira wakavua makoti. Abbé Ezéchiel, aliyevutwa na kelele kutoka parokiani, akafika na kuanza kulibariki kuba. Marcelline akamwomba abariki huku anasukuma.

"Moja, mbili, sukuma!"

Kuba likalia kama lori lililokosa breki kwenye mteremko, likasogea, kisha likateleza. Na kwa vile Mardochée hakuwa amebania kupaka mafuta, likaendelea kuteleza. Professeur Honoré, aliyekuwa amepanda ngazi iliyofungwa kwenye bati ili akague mwanya, akaondoka nalo. Alipita mbele ya Marcelline, tai ikipepea, akisema, "Maman, inatosha." Akatoweka upande wa pili. Akatokea tena: "Maman, nimesema inatosha." Wakamkamata alipopita mara nyingine.

Walipomaliza, jua lilikuwa linazama na mwezi ulikuwa umekwisha kutoka, mwembamba, juu ya milima. Marcelline angeweza kuwaaga. Lakini mikono yao ilikuwa myeusi kwa mafuta ya kuba lake, na mtu aliyepika pamoja nawe huwezi kumwambia aende na njaa. Akaiinua darubini, akaielekeza kwenye mwezi, akamwita Zagabe wa kwanza.

Zagabe alitazama muda mrefu. Hakusema uji, hakusema mbuzi. Aliposimama alikuwa ameshika kofia kifuani.

"Huku hakuna lupango hata moja," alisema.

"Hakuna."

"Na hii nayo, imepinduka?"

"Imepinduka," alijibu Marcelline. "Lakini mwezi haijaleta malalamiko."

Kila mtu alipomaliza, akabaki Marcelline. Maman Fabiola ndiye aliyegundua. "Na wewe, maman? Hauangalie?" Marcelline akasema ana kazi ya kufunga, kisha akainama haraka, kama mtu anayeonja chumvi. Aliona mashimo, na milima, na kivuli kilichokatwa kwa kisu. Akaondoa jicho, akapangusa kioo kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi, akainama tena. Safari hii alikaa hadi dereva akapiga honi.

Umeme uliporudi, Mardochée alichomelea chuma cha kuzuia darubini isilale tena chini ya usawa wa paa. Watu wa Bagira walituma neno kwamba haikuwa lazima sana. Marcelline aliamuru kichomelewe mara mbili. Lucien alianza kuleta avokado Muhumba kila baada ya muda, kwa hiari yake, na hakuna aliyefanikiwa kumwaminisha kwamba ile machine haimwoni tena.

Kwenye kikao kilichofuata kulikuwa na viti vinne. Parokia, lycée na chuo walikuwa wamekubali, kwa mara ya kwanza bila kupiga kura, kwamba mtaa uliotoa jeki, rulemani na mabega una haki ya zamu yake. Zagabe alikuja na lile koti, akapewa Jumamosi. Chai haijapoa, Abbé Ezéchiel akauliza kama ndugu wa Bagira wangeweza kubadilishana naye Jumamosi moja, kwa sababu ya mwezi. Zagabe akakoroga sukari taratibu, akasema atakwenda kuwauliza wenzake. Professeur akasema hiyo si kanuni. Sœur Virginie akauliza wasichana watakula saa ngapi. Marcelline akasogeza bakuli la sukari upande wake, akalifunika, akangoja wachoke.