Mchoraji Aliyehamisha Mkuyu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Vaileth Emanueli amesimama juu ya kilima kidogo nje ya Kimamba, jicho moja amelifumba. Mbele ya jicho la pili ameshika kipande cha boksi chenye tundu la mraba. Anakisogeza kushoto, anakirudisha.

"Zamani ningeshamaliza," anasema. "Siku hizi naogopa hata mlima."

Vaileth, 33, huchora mandhari kwenye vipande vya plaiwudi visivyozidi kiganja, na kuviuza Mikumi, kando ya barabara kuu. Kimoja Sh8,000. Kila picha humchukua dakika kumi, kabla mwanga haujabadilika.

"Kibao kidogo hakitaki vitu vingi," anaeleza. "Mbingu, mlima, ardhi, halafu kitu kimoja cha kushika jicho. Kikikaa vibaya, unakihamisha. Nimehamisha sana mimi. Nani angeuliza?"

Aliulizwa.

Juni mwaka huu aliitwa kwenye mkutano wa kijiji kilicho chini ya kilima hiki. Mafuriko yalikuwa yameuvunja na kuubeba mkuyu uliokuwa alama ya mwisho wa shamba la Mzee Timotheo, na tope likafukia kila kitu. Nalepo, mama mfugaji, alisema njia ya ng'ombe wake 46 kwenda mtoni ilipita nje ya mkuyu. Timotheo alisema ilipita ndani, shambani kwake, na sasa anaifunga. Ikifungwa, ng'ombe itabidi wazunguke kilomita tisa kufuata maji, na ndama wao.

Timotheo akafungua kitenge na kutoa picha aliyoinunua miaka sita iliyopita. Shamba lilikuwa kushoto, kisha njia, kisha mkuyu. Njia ilikuwa ndani.

"Binti, hii si kazi yako?"

"Ni yangu, baba. Jina langu hilo hapo chini," Vaileth alijibu kwa fahari.

Wajumbe wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nalepo hakupiga kelele. Alimgeukia mchoraji, akauliza taratibu: "Mwanangu, siku ile ulikaa wapi ukauona mti huko?"

"Hapo ndipo nilipokumbuka," Vaileth anasema. "Mti niliuhamisha mimi."

Sababu? Mkuyu ulipokaa kushoto, mahali pake pa kweli, picha ilielemea upande mmoja na njia ikalitoa jicho la mtazamaji nje ya kibao. Basi. Kwa ajili ya uzuri wa picha ya kiganja, kundi zima lilikuwa linakaribia kukosa maji.

Alisimama akasema hivyo mbele ya watu wote. Kikao kikalipuka kwa kelele na vicheko.

"Umeuhamisha mkuyu?" mwenyekiti alifoka. "Kwa kibali cha nani?"

"Tena bila shoka!" akadakia mjumbe Bibiana.

Timotheo hakucheka. "Yaani miaka sita nimetundika uongo sebuleni, na wageni nawaonyesha?"

Wengine walinong'ona kwamba wafugaji wamemhonga. Vaileth akawapandisha kilimani na kumpa kila mmoja achungulie kwenye tundu la boksi.

"Mnaona lile pengo la mlima? Mkuyu ulikuwa chini yake, na njia ikapita kulia kwake. Mlima sikuugusa, wala njia."

Timotheo alishuka akachimba mwenyewe. Shimo lilipofika magotini, jembe likagonga mzizi, pale pale chini ya pengo.

"Nilikaa chini kwenye tope," anasimulia mzee huyo. "Mkuyu ule nimelala kivulini mwake tangu mtoto. Lakini niliiamini picha kuliko macho yangu. Hilo linanitisha mpaka leo."

Kumbe njia ilikuwa nje ya shamba, nayo ikabaki wazi. Tangu hapo, nyuma ya kila kibao Vaileth huandika alichokihamisha. Anapanga kuchora njia na mipaka yote ya kijiji kama ilivyo, vibao vikae ofisi ya kijiji kabla ya masika mengine. Cha kwanza ni hiki cha leo, alichoagizwa na Timotheo: mkuyu urudi kwao.

Nalepo anapanda kilima, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekaaje?"

"Vibaya. Njia inalitoa jicho nje."

Nalepo anainamia kibao, kisha ananyoosha fimbo kuelekea bondeni, ambako kundi lake linateremka mtoni.

"Basi litoke," anasema. "Ng'ombe wangu nao wanatokea hapo hapo."