Safari Imevunjwa

Mwaka ule nilikuwa nakaa Wambaa kwa binamu ya baba yangu, baada ya kuchoka na Wete na kabla sijachoka na Wambaa. Shule niliiacha darasa la nne. Si kwa dhiki. Nilikuwa siwezi kukaa ndani nikasikia lori linapita nje nisijue linakwenda wapi. Lakini kusoma na kuandika nilikuwa najua, na kijiji kikishalijua hilo kinakupa kazi usiyoiomba. Niliwasomea watu barua zao, nikawaandikia majibu, nikayajua mambo ya nyumba nyingi kuliko ilivyonipasa.

Jirani yetu alikuwa mjane, msuka mikeka, na sote tulimwita Bi Mkubwa. Siku moja aliniletea barua ya Unguja. Ilitoka kwa kijana wa mdogo wake. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, hali si nzuri, na kila akizinduka alimuulizia dada yake. Anataka waombane radhi.

Bi Mkubwa alinitaka nirudie hapo kwenye radhi. Walikuwa hawajasemeshana miaka saba. Mdogo mtu alimwoza binti yake bila kumwambia dada, na Bi Mkubwa akaisikia harusi ile kutoka kwa wanunuzi wa mikeka.

Meli ilikuwa imeondoka jana yake, na nyingine mpaka siku nne mbele. Akauza mbuzi wake wawili, akaniambia, "Nipeleke kwenye ndege."

Mimi nilifurahi, na furaha ile inanitia haya mpaka leo. Nilikuwa nimeziona ndege kwa chini tu. Nilitaka kujua tiketi inafananaje.

Tulifika kiwanjani saa mbili asubuhi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, karani mmoja, na mizani, kwa sababu ndege ile ndogo haikupakia mtu asiyepimwa. Bi Mkubwa alipoambiwa apande mizani alirudi nyuma.

"Mie karafuu?"

"Panda, Bi Mkubwa," akasema mzee mmoja mfanyabiashara, abiria mwenzake. "Wanatazama kama una makonyo."

"Makonyo unayo weye, na unyevu juu yake," akajibu, akapanda. Watu wakacheka. Kuuza karafuu yenye makonyo, vile vijiti vyake, ilikuwa aibu ya mkulima yeyote kisiwani, na naye alijua kulirudisha tusi lilikotoka.

Basi tukangoja. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna upepo wala wingu. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mzee yule alikwenda kuuliza mara tatu. Adhuhuri karani akatoka, akasimama mlangoni, akasema, "Safari imevunjwa."

"Kwa nini?"

"Nimeambiwa imevunjwa, Mzee. Sikuambiwa zaidi."

Bi Mkubwa alikaa juu ya mkeka wake uliokunjwa, aliokuwa akimpelekea mdogo wake, akautazama uwanja. Kisha akanituma Posta ya Chake nipige simu ya maandishi. "Waambie ndege haikuja. Waambie nakuja na meli."

Maneno yake yalikuwa hayo, wala hayakuhitaji fundi. Lakini mimi nilijiona fundi. Nilishika kalamu nikaandika kwamba ndege imevunja safari. Karani wa Posta akaisoma, akatikisa kichwa.

"Bwana mdogo, ndege na kuvunja usiviweke mahali pamoja. Watasoma ndege imevunjika. Utawaliza watu bure, waanze kutandika matanga."

Nikaona kweli. Nikalifuta neno ndege. Na meli nayo nikaiacha, nikisema moyoni kwamba atafika mwenyewe aeleze. Yaliyobaki yalikuwa maneno mawili na jina la Bi Mkubwa: safari imevunjwa. Nilitoka pale nikijisifu kwa ufupi wangu.

Alisafiri kwa meli siku ya nne. Aliporudi, wiki moja baadaye, alikuja barazani kwetu akaniwekea mapajani karatasi ile ya Posta, iliyofika Unguja kabla yake.

"Nisomee ulichoandika."

Nikasoma. Hata kabla sijafika kwenye jina nilikwishaona.

Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya ukindu. Mdogo wake alisomewa karatasi ile angali na akili zake. Akauliza, "Kaivunja?" Wakamjibu ndivyo inavyosema. Akageukia ukutani, na usiku wa pili akafariki. Bi Mkubwa alipofika walikuwa wameshazika. Watoto wa marehemu walimpa maji ya kunywa na mahali pa kulala, lakini kijana mkubwa alimwambia, "Bibi, wewe si ulivunja safari? Sasa umekuja kumtazama nani?" Alijaribu kueleza habari za ndege. Wakamsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayejitetea.

"Hitima ya arubaini hawakunialika," akasema. "Nataka karatasi. Karatasi imenitia, na karatasi initoe. Kampuni iandike kwamba ndege haikuja na mie nilikuwapo."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Nikaandika barua kwa kampuni. Nilieleza yote, na mwishoni, kwa kuwa nilikuwa nimesikia neno hilo kwa watu wa mjini, nikaongeza kwamba abiria anadai fidia. Hilo sikumsomea.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza, kupitia kwa karani wa kiwanja cha ndege. Tukaenda. Alikuwa kijana mwenye haya, aliyevaa shati jeupe lililotiwa kiraka kwa uangalifu kwenye kola. Akatufasiria:

"Wanasema nauli watakurudishia, Bi Mkubwa, na kitu juu yake, ndiyo fidia. Tiketi uirudishe, uweke dole gumba hapa, kwamba huna dai tena juu yao."

"Fidia mie naijua ya saumu. Hino ya nini?"

Karani akanitazama. Nami nikatazama mizani.

"Na hiyo barua inasema ndege haikuja?"

Akaisoma tena, kidole chake kikifuata mistari. "Haisemi. Inasema safari yako ilivunjwa."

"Ilivunjwa na nani?"

"Haisemi na nani."

"Basi hilo wanalo tayari wale watoto. Sihitaji la pili." Akaitoa tiketi kifuani, ndani ya kitambaa, akaitazama. Ilikuwa thamani ya mbuzi wawili, na zaidi kwa ile fidia. "Nikikupa hii, nitabaki na nini cha kuonyesha?"

"Hutabaki na kitu."

Akaifunga tena kitambaani. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu, nikamwambia karani yote: Posta, neno nililolifuta, mgonjwa aliyegeukia ukutani. Nilimwambia kwamba arubaini ilikuwa imebakiwa na siku nane. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba Bi Mkubwa ile tiketi, akaigeuza nyuma, akaandika kwa wino: Abiria huyu alifika saa mbili asubuhi, akapimwa, akangoja mpaka adhuhuri. Ndege haikuja. Akatia sahihi yake.

"Na muhuri?" nikauliza.

"Muhuri si wangu. Mkono ni wangu." Akaupuliza wino ukauke. "Na ujue, Bi Mkubwa, tiketi iliyoandikwa hivi kampuni haitaipokea tena."

"Na wasiipokee."

Kuipeleka nilikwenda mimi. Hakuniomba, nilimwambia naondoka na meli ya kesho, akanipa tiketi na mkeka.

Yule kijana mkubwa wa marehemu nilimkuta dukani kwake, Unguja, anapanga chupa za mafuta ya nazi. Alinijua Mpemba kabla sijamaliza salamu, na akakunja uso. Nikaweka mkeka chini, nikampa tiketi. Alisoma upande wa mbele, akasoma na wa nyuma, akarudia wa nyuma.

"Hii simu iliyokuja hapa," akasema, "nani aliiandika?"

"Mimi."

"Yeye alikwambia uandike hivyo?"

"Hapana. Aliniambia niseme ndege haikuja, anakuja na meli. Mimi nilifuta."

Akapanga chupa mbili zaidi. Moja aliigeuza ili karatasi yake iangalie mbele. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari.

"Niliyemsomea mama ni mimi," akasema hatimaye. "Kwa mdomo wangu. Aliniuliza, kaivunja? Nami nikamjibu ndiyo."

Tiketi akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Hitima ni Alhamisi. Mwambie Mama Mkubwa watoto wake wanamngoja."

Nikamwomba aniandikie. Alikataa. "Nenda ukamwambie mwenyewe, kama nilivyosema."

Nilirudi na meli ya kwanza. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni kwake akisuka ukili. Nikamwambia maneno ya kijana yule, neno kwa neno. Akanitaka niseme tena, nikasema tena. Akaniuliza kama kweli alisema "Mama Mkubwa", nikamwapia.

Akaukusanya ukili, akaufunga, akaniuliza meli ya kurudi inaondoka saa ngapi.