Wali Ulioimbiwa

Fundi miwani alikuwa na ulevi mmoja tu: insha za vichekesho kuhusu mapishi. Kupika kwenyewe hakukujua wala hakukutaka. Nyumbani mwiko aliushika mumewe. Lakini mpe mwandishi anayegombana na kitunguu, atacheka mpaka vioo vimponyoke mkononi. Mumewe, ili kumsitiri kwa mama mkwe wake, alipenda kusema, "Mke wangu kila siku yumo ndani ya vitabu vya mapishi." Uongo hapo uko wapi?

Mama mkwe akaja kukaa wiki mbili. Fundi miwani akamtengenezea miwani mipya, ya kusomea hata maandishi ya chupa za dawa. Kumbe anajipalia makaa.

Jumamosi walialikwa mawifi wawili wa mama mkwe, wanawake wenye ndimi kali, waliomsema kwa mapishi yake tangu alipoolewa. Safari hii mama mkwe aliapa kuwafunga mdomo. Fundi miwani aliporudi kazini adhuhuri, alikuta nyumba nzima inanuka moshi, na jikoni mama mkwe ameinamia sufuria, kitabu mkononi, anaimba.

"Mama, kulikoni?"

"Si kitabu chako hiki? Kinasema wali ukiungua usiufunue, uimbie mpaka uone haya. Nimeimba beti tatu, mwanangu. Wali hauna haya huu!"

Fundi miwani aliuma midomo kuzuia kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Kabla hajapata la kusema, hodi ikapigwa mlangoni.

Wali ukapakuliwa hivyo hivyo. Wifi mkubwa akatafuna, akasita, akaweka kijiko chini. "Nani kapika hiki?"

Mama mkwe akauficha upawa nyuma ya mgongo. Fundi miwani akamwonea huruma ya kweli.

"Mimi, shangazi. Ndiyo kwanza niko ukurasa wa kumi na mbili."

"Masikini! Atajifunza tu," wakasema mawifi.

"Kila siku namwambia apunguze moto," akadakia mama mkwe, macho makavu.

Wageni walipoondoka, wakwe hao wawili walibaki jikoni wakikwangua sufuria. Mama mkwe akafuta mikono, akausoma tena ukurasa ule wa wali, akacheka.

"Ahsante, mwanangu," alisema mwishowe. "Sasa kaa hapa unisomee. Ila ukifika penye mzaha, nikonyeze."