Wanamletea Mama Tangi, na Mimi Najua Anaondoka

Admin, naomba ufiche jina langu. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata kwa maombi nalisema nusu nusu. Nataka mama yangu aondoke. Nataka apande ndege aende, ingawa nikifikiria nyumba bila yeye chakula hakishuki.

Nina miaka kumi na minane na nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Tunaishi Mugutha, mimi na Mama peke yetu. Mama ni nesi katika zahanati moja upande wa Theta, na alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Zamani walikuwa watatu. Mmoja alienda ng'ambo, mwingine akapata hospitali ya kibinafsi Thika, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Sasa Mama ndiye wa chanjo, wa wajawazito, wa vidonda, na ndiye wa kutembelea wagonjwa manyumbani. Mfereji wa zahanati ulikauka, kwa hiyo kila asubuhi tunatoka nyumbani na mitungi ya maji kwa bodaboda. Glavu zikiisha, ananunua yeye. Chakula cha mchana hukila jioni, kikiwa baridi, akiwa bado na viatu.

Tangu nimalize shule huwa naenda kumsaidia kuita majina na kupima watoto uzani. Ndivyo nilivyoona kitu ambacho ningependa kukisahau. Ilikuwa siku ya kliniki na foleni ilifika langoni. Mama alimdunga mtoto mmoja, akageuka kuandika, kisha akarudi na sindano nyingine akamshika mtoto yule yule paja. Mwenye mtoto, ambaye nitamwita Mama Shiro, akamvuta mwanawe huku akicheka.

"Ai, daktari! Huyu wangu ameshalia. Sasa liza wa mwenzangu!"

Foleni nzima ikacheka. Mama pia alicheka. Lakini jioni nilimkuta jikoni ameshika sinki kwa mikono miwili, maji yakimwagika bure, na Mama hamwagi maji.

"Leo mwenye mtoto alikuwa macho," akaniambia bila kugeuka. "Siku asipokuwa macho je?"

Ndipo akanieleza. Amepata kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Anaondoka kabla mwezi huu haujaisha, na mimi nitahamia kwa tata, yaani dada yake, kule Ngoingwa. "Usimwambie mtu, mami," akasema. "Hata tata wako nitamwambia mwenyewe siku za mwisho." Rafiki yake mmoja alitangaza mapema kuwa anaacha kazi, ofisi ikamzungusha hadi nafasi ikampita. Niliapa sitasema. Usiku huo Mama alilala vizuri, na mimi nikajua ninachotaka.

Sasa sikieni shida yangu. Wiki iliyopita Mama Shiro aliniita nyuma ya zahanati. Alikuwa na wamama wengine kadhaa, wote wana watoto mgongoni.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunamletea mama yako itega," akasema.

Kwa wasiojua, itega ni desturi yetu ya wanawake kwenda pamoja kwa mwenzao na zawadi, wakiimba kuanzia barabarani. Mara nyingi ni mtu akizaa au akihamia nyumba mpya. Mama hajazaa wala hajahama. Wanamletea kwa sababu alibaki.

"Wengine wote walituacha," Mama Shiro akasema. "Yeye siku ile alikuwa amechoka hadi anataka kumdunga wangu mara mbili, na bado kesho yake alikuja. Amebeba maji ya kutosha. Tumemnunulia tangi."

Mmoja wao alikuwa ameuza kuku wake wa mayai ili achange. Mwingine akapiga makofi akasema, "Na tangi haliingii kwa sutikesi! Hapo tumemfunga kabisa."

Wakacheka sana. Mama Shiro akanifinya shavu. "Tunakupendea hiyo kimya yako. Wewe hutatuchoma kwa kumwambia. Kazi yako ni kuhakikisha yuko nyumbani."

Nikasema, "Sawa." Mimi hujibu sawa kwa kila kitu.

Nikimwambia Mama, namjua, atabaki. Atairudisha ile nafasi ya ng'ambo na Jumatatu atapanda bodaboda na mitungi yake, hadi siku ile anayoiogopa. Nikiwaambia wamama, habari itafika ofisini kabla ya jua kutua, na nitakuwa nimemvunjia mama yangu safari. Nikinyamaza, atapokea tangi mbele ya watu wote akijua anaenda, na baadaye watasema alikula itega yao akatoroka. Hawatasema alichoka. Na mimi ndiye nitakayekutana nao sokoni.

Jana alifagia uwanja bila kujua kwamba ndipo tangi litakapokaa. Mimi nilikuwa mlangoni namtazama, mdomo umejaa maneno, nikashindwa kuyatoa.

Ninyi mliokomaa kuliko mimi, niambieni nianze na nani, na nitumie maneno gani. Jumamosi imekaribia.

Na kama uko Theta na umeshanitambua, tafadhali usinitaje hapo chini na usimtumie mtu hii. Mama Shiro, kama ni wewe unasoma, ulisema unapenda kimya yangu. Naomba na wewe unipe yako. Usimwambie Mama kwamba nimesema.