Mashine za Bwawa la Mkwe Wangu

Mkwe wangu wa kiume nimemjua miaka kumi na miwili na sijawahi kumtazama usoni. Kijijini kwetu Didia ndivyo ilivyo. Mama mkwe akisikia mkwe wake anakuja njiani, anageuka pembeni au anajifunika kanga mpaka apite. Hamli pamoja, hampeani mikono, hamsemezani. Si chuki, ni heshima. Watu wa mjini wanacheka, lakini mkwe wangu ni Msukuma kama mimi na ananiheshimu vivyo hivyo. Nasema haya mapema, maana bila hayo mtajiuliza kwa nini huyu bibi hakufungua mdomo tu akasema.

Nilikuja Geita kwa binti yangu kwa sababu ya goti. Nyumba yao iko Kalangalala, ina geti, na nyuma yake kuna bwawa la kuogelea. Mkwe ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na mambo yamemnyookea. Bwawa lenyewe ni la maji ya chumvi. Niliuliza kwa nini mtu akae mbali na bahari kiasi hiki halafu amwage chumvi kwenye shimo. Binti yangu akanieleza kwamba maji hayo yakipita kwenye mashine, chumvi inageuka dawa ya kuua wadudu, na macho ya watoto hayawashi. Sawa. Basi kulikuwa na pampu, chujio, mashine hiyo ya chumvi na sanduku la swichi, vyote vimebanana kwenye kibanda cha tofali hatua mbili kutoka majini. Magunia ya chumvi yameegemezwa chini ya sanduku. Nati zote zimeliwa na kutu.

Mimi natembea peku, na visigino vyangu vina nyufa za kuingia sarafu. Siku moja nilienda kuosha miguu pale pembeni, nikashika ngazi ya chuma ya kushukia majini. Kitu kikanitembea kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kama siafu. Nikaachia. Nikashika tena. Siafu wale wale.

Mjukuu wangu, binti wa miaka minane, alikuwa ndani ya maji ananitazama.

"Bibi, na wewe imekutekenya?"

"Nini?"

"Ngazi. Huwa inatekenya. Ukiwa na kidonda ndiyo inauma."

Nilimtoa mle kwa ukali mpaka akalia. Umeme naujua unavyotekenya. Didia, msimu mmoja wa mvua, ng'ombe wetu mwekundu alijikuna kwenye ule waya unaoshikilia nguzo ya umeme. Alianguka majani yakiwa bado mdomoni.

Nikamwambia binti yangu siku ile ile.

"Mayu," akasema, maana mama kwetu ni mayu, "yule fundi aliyezifunga tulimtoa Mwanza. Ana cheti."

"Na ng'ombe wetu hakuuliza cheti."

Akacheka, halafu akaniona uso, akaacha. "Haya. Nitamwambia baba watoto."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika kwa adabu. Ujumbe wa mama mkwe haupelekwi mkavu. Binti yangu hawezi kumwambia mumewe kwamba mama anasema ulichojenga kitamuua mtoto. Hilo ni tusi. Akaulainisha. Akamwambia, "Mama anaona zile mashine hazijakaa vizuri pale." Mkwe akawaza: chumba cha mama kiko upande ule, pampu inanguruma, kumbe mama wa watu halali. Akaona haya. Kesho yake fundi yule yule akaitwa azihamishe, ziwe mbali na dirisha langu.

Mbali na dirisha langu ni pale watoto wanapojimwagia maji wakitoka kuogelea.

Siku hiyo mkwe alikuwepo uani akisimamia kazi, kwa hiyo mimi nilikuwa ndani. Niliona yote kwa upenyo wa pazia. Fundi hakuzima umeme wa nyumba, alizima swichi ya kibanda tu. Alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akapitisha waya ndani yake, akaufukia kina cha kidole. Sanduku akalipachika ukutani chini ya bomba la kuogea, akalivika mfuko wa nailoni kama mtu anayefunika mkate. Mkwe alipita mbele ya dirisha mara tatu, na kila mara niliachia pazia. Nilimpigia binti yangu simu kazini, haikupokewa. Nikapiga tena. Maneno yalinijaa mdomoni, na mtu wa kuyasikia alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Sijawahi kujiona sina kazi duniani kama saa zile.

Jioni binti yangu akarudi na tabasamu. "Mayu, amezihamisha kwa ajili yako. Sasa utalala."

"Nani alikwambia silali?"

Akabaki ameshika mkoba wake. Alipoelewa, alikaa kitini bila kuvua viatu. Mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda machimboni, na simu yake kule haishiki.

Kesho yake Jumamosi, watoto hawaendi shule. Nikachukua kigoda nikakaa kwenye kilango cha uzio wa bwawa, goti nimelinyoosha. Ilikuwa ndiyo njia pekee niliyobaki nayo: kuwa kizuizi. Mjukuu akaja na taulo, akanuna, akakaa chini karibu yangu. Mchana geti likafunguka. Nikasikia viatu vya mkwe vikija, vikasimama ghafla kwenye kona ya nyumba. Nikageuza mgongo, nikajifunika kanga. Yeye hawezi kupita, mimi sitoki.

"Mwambie baba yako," nikamwambia mjukuu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "bibi hasumbuliwi na kelele."

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia. Mpe kwanza shikamoo yangu."

"Bibi, shikamoo ya baba."

"Marahaba. Mwambie maji yake yana umeme."

"Muulize bibi amejuaje."

"Mwambie ngazi imenichoma. Imemchoma na binti yake, na hakuna aliyemuuliza."

Safari hii hakunirudishia neno, alimuuliza mtoto mwenyewe. "Imekuchoma?"

"Inatekenya tu, baba."

"Tangu lini?"

"Zamani. Tulidhani ndiyo chumvi."

Viatu vikaondoka mbio. Muda mfupi baadaye friji ilinyamaza ndani ya nyumba. Alikuwa amezima swichi kuu.

Jumapili akaja jirani mmoja anayefanya kazi ya umeme mgodini, Bulyanhulu. Huyo alianza kwa kuifunga swichi kuu kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. "Kwetu mgodini," akasema, "mwenye mkono kwenye waya ndiye mwenye ufunguo." Akapima kila waya kabla ya kuugusa. Alipofukua ule mpira wa bustani na kuupasua, maji yalimwagika kutoka ndani. Nilimsikia anauliza, "Jana kilangoni alikaa nani?"

"Mama," mkwe akajibu.

"Mchinjie mbuzi."

Mashine zote alizipeleka nyuma ya stoo, mbali kabisa na maji, chini ya paa, zimeinuliwa kupita usawa wa goti. Chumvi ikatengewa chumba chake. Waya mpya ulipita kwenye bomba gumu, shimo la kufika gotini. Akagongomea fimbo ya shaba ardhini, akaiunganisha na ngazi na pampu, akafunga na kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Siku mbili. Na siku zote mbili mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Alipomaliza alipima maji, akasema kipimo ni safi. Mjukuu alikuwa tayari na nguo yake ya kuogelea. Nikatuma neno: haingii mtu kabla yangu, na baba yake aingie ndani afunge pazia. Akaingia. Nilisikia vipete vya pazia vikikwaruza chuma.

Nikaweka kisigino majini. Nikashika ngazi. Hakuna kitu. Nikabadilisha mkono. Hakuna. Lakini kipimo cha yule jirani mimi sijui kukisoma, na kisigino cha mzee nacho si cha kuaminika.

"Bibi, tayari?"

Nilitaka kumwambia subiri. Subiri nini, sikuwa na la kutaja.

"Ingia," nikasema.

Akaruka. Pale dirishani pazia likatikisika. Mkwe alikuwa amesimama mahali nilipokuwa nasimama mimi. Nikabaki nimeshika ngazi kwa mikono yote miwili mpaka mtoto alipotoka.