Mikono Yote ya Kulia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nilipoanza kazi kwenye karakana ya ushonaji pale Tunduma, kilichonikera zaidi ni mchezo wa asubuhi. Kabla cherehani hazijaanza, mmoja wetu lazima amwigize mteja wa jana: anavyotembea, anavyolalamikia kiuno. Mama mwenye karakana ndiye aliyecheka kuliko wote. Watu wazima hawa, jamani! Nilikotoka, ukiharibu kitambaa unakificha chini ya meza, unanyamaza.

Basi mwalimu wa kwaya kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, mwanamke asiye na masihara, akatuletea satini ya majoho. Jumapili kwaya inaimba. "Mkiniharibia, sirudi," alisema. Kazi zake ndizo zilizotuweka mjini. Zikiondoka, wa kwanza kurudishwa kwao Mbozi ni mimi, mgeni.

Ijumaa mkata vitambaa wetu akapiga yowe. Alikuwa ametandika satini matabaka yote, upande unaong'aa ukitazama juu, badala ya kuyakutanisha uso kwa uso. Mikono yote ya majoho ilitoka ya kulia! Kitambaa kimekwisha. Ukitaka wa kushoto, ugeuze upande usiong'aa uwe nje. Nilitaka kulia, kisha nikataka kumchapa.

Mama akashusha pumzi. "Haya, nani anaigiza?"

"Mama, huu ni wakati wa mchezo?" nikafoka.

"Ndiyo wakati wenyewe, mwanangu."

Mkata vitambaa, macho mekundu, akavaa joho lililoshikizwa kwa pini, mkono mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Akawa mwalimu wa kwaya: kidevu juu, anapunga mikono kama anayeongoza waimbaji. Tukaangua kicheko, mimi mbavu sina. Halafu nikaona. Kila alipopunga, mng'ao ulikuja na kupotea, na ulipendeza.

"Simama hapo hapo!" nikapaza sauti. "Kola nayo tuigeuze. Ionekane tumekusudia."

Tulishona tukibishana na kutaniana mpaka Jumamosi. Mwalimu alipovaa, mama akamweleza kosa lote, hakuficha kitu. Yule mwanamke akajitazama kiooni, akapunga, akapunga tena, akaanza kuimba.

"Natotela sana," akatushukuru kwa Kibemba. "Na ya watoto mnishonee hivi hivi."

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika. Kabla sijaombwa, niliinua kidevu nikaanza kupunga. Mama alicheka mpaka akajishikiza kwenye cherehani.

"Wewe huendi popote," akasema.